Vibati vya Shaba kwa Sauti ya Noolarami

Mkitaka kuniambia nipumzike, kwanza mnionyeshe mahali nimechoka. Vidole, sawa. Vidole vyangu vimevimba maungo kama tangawizi, na asubuhi havitaki kushika hata kikombe. Lakini mimi si vidole. Masikio yangu hayajaomba likizo.

Ninawaandikia nyinyi mnaopiga vinanda makanisani na kwa arusi, kutoka hapa Kitengela mpaka Loitokitok, nyinyi mnaofika na kompyuta kwapani mkiulizana, "Huyu shosho amekaa karibu na spika ni wa nani?" Huyu shosho, huyu bibi kizee, anaitwa Nafula, Mama Robai. Nilikuwa nikipiga kinanda kabla mama zenu hawajaolewa, na wengine wao ni mimi niliwapigia wakiingia kanisani. Shule niliachia darasa la tatu. Haya maneno nimeyaandika kwa mkono wangu, mjukuu wangu Sheila akayachapa, na nimemkataza kunyoosha chochote. Mkipata sentensi imepinda, pitieni hapo polepole kama watu wazima.

Kazi nilifundishwa na Dorcas Mueni, mwanamke wa Machakos aliyekuwa akipiga kinanda cha kukanyaga katika kanisa letu la Kajiado. Mume wangu Wekesa alikuwa ameajiriwa pale mjini, nami nilikuwa nafagia kanisa. Mueni alinipata siku moja nimeacha ufagio nimekalia stuli yake. Hakunifukuza. Alisema, "Kanyaga kwanza. Mtu asiyejua kupuliza moto hapewi sufuria." Nikakanyaga wiki nyingi yeye akipiga, mpaka miguu yangu ikajua nyimbo kabla ya mikono.

Noti sijui kusoma mpaka leo. Do-re-mi najua, na ninajua kile Mueni alinifundisha: usiangalie kitabu, angalia mabega ya mwimbaji. Mabega yakipanda, anavuta pumzi. Mkono wako uanguke pale pumzi inageuka kuwa sauti. Ukitangulia umemkokota, ukichelewa anakukokota wewe.

Hakuna mtu aliyefundisha vizuri kama yeye, na hakuna mtu alifanya mambo ya ajabu kama yeye. Pasaka moja panya walikuwa wametoboa mfuko wa upepo wa kile kinanda. Unakanyaga, upepo unatokea kando, kinanda kinapiga chafya. Mueni akatoka nje kwa akina mama waliokuwa wanapika, akarudi na donge la unga wa chapati, akaziba lile tundu. Tulipiga ibada nzima, bwana, watu wakatusifu. Halafu tukasahau. Wiki hiyo panya walirudi kumaliza chapati yao, wakaila pamoja na mfuko wote. Kwa hivyo sikieni: ukitengeneza kitu kwa dawa ya haraka, itoe siku hiyo hiyo kabla mwenyewe hajairudia.

Baadaye vinanda vya umeme vikaja, na kila mmoja akasema sasa kazi ni rahisi. Kazi haijawahi kuwa rahisi, huwa inabadilisha mahali pa kukuuma. Hivi vya umeme vina kitufe cha kupandisha ki, yaani kimo cha wimbo mzima. Arusi ya Grace Wambui kule Tuala, nilikuwa nimevaa kitenge cha mikono mipana, na kila nikifika mwisho wa ubeti mkono wa nguo unabonyeza kile kitufe. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, tumepanda. Wa tatu, shangazi za bibi arusi wanaimba macho yametoka. Mimi niko shwari, najua tu leo watu wana furaha. Mpaka shangazi mmoja, Peris Njoki, akaniinamia sikioni: "Mama, unatupeleka mbinguni na bado hatujakata keki?"

Sasa nitawaambia vile nilistaafu. Nilistaafishwa vile wanawake hustaafishwa, bila kuambiwa. Tulikuwa tumeshahamia Kitengela lakini kanisa sikuhama. Nilifika Kajiado Jumamosi moja kwa mazoezi nikapata kinanda kipya, kile cha vibonyezo vizito kama vya piano, na Mwalimu Barasa amekalia stuli yangu. Barasa ni wa kwetu, Bungoma, mwalimu wa kwaya, mtu safi, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope.

"Mama Robai," akaniambia, "vidole vyako vimechelewa. Kwaya inafika mbele yako inakungoja."

Ilikuwa kweli. Nilijaribu kile kinanda chake, na kila kibonyezo kilikuwa kama kusukuma ng'ombe asiyetaka kuingia boma. Nikainuka. Akina mama wakanipigia makofi, wakanipa shuka na neno la shukrani. Nikaenda nyumbani nikakunja lile shuka nikaliweka ndani ya sanduku, kwa sababu sikuwa nimemaliza.

Mashine ninayopiga sasa iliingia kwangu kama mgeni wa kulala siku mbili. Sheila, mtoto wa binti yangu Robai, hutengeneza sauti za filamu na matangazo. Jirani wa ploti yake alikuwa amelalamika juu ya kelele, basi akaleta kisanduku kwangu. Nilikipata kwa meza yangu ya kulia, taa zinawaka kama soko, nyaya zimetoka kila upande kama mboga ya mrenda ikivutwa.

"Kukhu, usiguse hiyo waya!" Kukhu ni bibi kwa lugha ya kwetu.

"Itanirusha?"

"Haiwezi kukurusha. Ni vile nimekaa siku nyingi nikiipanga."

"Kwa hivyo unaogopea waya, huniogopei mimi."

"Kukhu, wacha hizo!"

Akanieleza, na nitawaeleza vile nilielewa. Sheila anaiita modyula, sinthesaiza ya vipande. Kipande kimoja kinatoa sauti mbichi. Kingine kinaichuja, kama kichujio cha chai, unaamua majani mangapi yapite. Kingine kinaamua sauti iamke vipi na ilale vipi. Hakuna kipande kinachomjua mwenzake mpaka wewe uviunganishe kwa waya. Na pale chini, mahali ambapo kinanda kingekuwa na vibonyezo vyeusi na vyeupe, kulikuwa na safu ya vibati vya shaba, bapa, vimelala tuli. Juu ya kila kibati kuna kifundo cha kuzungusha kama kile cha redio.

"Gusa hicho," Sheila akasema.

"Hakibonyei."

"Hakitaki kubonyezwa. Kinaskia ngozi."

Nikaweka ncha ya kidole. Sauti ndogo, ya mbali. Nikalaza nyama yote ya kidole, na sauti ikafura, ikafunguka. Nikainua polepole, ikaenda polepole. Na hakuna ungo uliouma. Hapakuwa na kitu cha kusukuma. Kibati hakikuuliza nina nguvu kiasi gani, kiliuliza tu kama nipo.

Nilivuta kiti. Sheila alirudi kwake Jumapili bila kisanduku.

Robai alinipigia simu: "Mama, umri wako huu, mashine za disko? Watu watasema nini?"

"Wataanza kwa kusema nimepiga."

"Na shughuli za nyumba?"

"Robai, sufuria zangu nimeziosha tangu uhuru. Zinajua njia ya kwenda kwa maji."

Nyinyi mtakaotaka kugusa mashine kama hii, chukueni haya ya bure. Mikono iwe mikavu. Nilitoka kuosha sukuma wiki mara ya kwanza nikaweka kidole kimoja, vibati vitatu vikaitikia, maji yalikuwa yamevishikanisha. Mafuta ya kujipaka pia hapana. Ngozi ya bibi mzee inataka mafuta, lakini ukiacha mafuta juu ya shaba, vumbi la hapa Kitengela linakuja kukaa, na mwisho kibati kinakuwa kiziwi. Futa kwa kitambaa kisafi. Jipake mafuta ukimaliza kupiga. Mimi hujipaka viwiko na miguu, mikono inangoja.

Jenereta pia ni jambo. Tulienda na Sheila kupiga kwa maonyesho ya vijana hapa hapa Kitengela, uwanja wazi, umeme wa jenereta. Vibati vikawa na wazimu. Nagusa, kimya. Naondoa mkono, kelele. Vijana wakadhani ndiyo muziki wenyewe, wakapiga mbinja. Nikachoka, nikaegemea kisanduku kwa mkono wa kushoto, nikishika ule ukingo wake wa chuma, na mara kila kitu kikatulia. Sheila ndiye alinieleza: kibati kinakutambua kwa kukulinganisha na ardhi, na ile jenereta haikuwa na waya uliozikwa chini. Hakikujua wewe ni nani. Ukishika chuma cha kisanduku, unajitambulisha. Basi, mkono mmoja unapiga, mkono mmoja unasalimia.

Lakini si kwa ajili ya uwanja wa vijana niliamua kubaki na hii mashine. Ni kwa ajili ya Noolarami.

Noolarami tulijuana Kajiado akiuza maziwa mlango kwa mlango, mimi nikiwa mgeni nisiyejua hata salamu ya Kimaasai. Alinifundisha: mwanamke akisalimiwa "Takwenya," anajibu "Iko." Alikuwa kiongozi wa nyimbo kwa akina mama wa kwao. Anarusha mstari, wenzake wanaudaka, anarusha mwingine. Ukimsikia akiwa malishoni, unajua ndama wanakuja.

Kanisani alikaa nyuma kabisa, na alikuwa ameambiwa asitoe sauti. Mwalimu wa kwaya wa kwanza, Bwana Shadrack Musyoki, ndiye alianza. "Mama, unatoka nje ya ki. Chezesha mdomo tu." Barasa alipokuja akaendeleza. Mwambie hivyo mtu ambaye koo lake linaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde! Niligombana na Musyoki, nikagombana na Barasa. Noolarami mwenyewe hakugombana. Alisema, "Nilikuja kwa Enkai, kwa Mungu, sikuja kwa Barasa," akakaa Jumapili baada ya Jumapili akichezesha mdomo.

Hakuwa nje ya ki. Nimemtafuta kwa kinanda mara nyingi. Ukipiga kibonyezo cheupe, yeye yuko juu yake kidogo. Ukipiga cheusi, yeye yuko chini yake. Anakaa kwa ule ufa katikati, na anakaa hapo hapo kila siku, hatikisiki, leo na kesho na akiwa na homa. Mtu anayepotea hapotelei mahali pamoja. Lakini kinanda kilipotengenezwa, kuna mtu mahali fulani aliamua sauti zitakuwa hizi na si zile, na hakumuuliza Noolarami. Kwenye ufa hakuna kitu cha kupiga.

Kwenye vibati vyangu, hakuna mtu alikuwa ameamua chochote.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, akina mama wakataka Noolarami aongoze wimbo wa shukrani wa Kimaasai aliofundishwa na mama yake. Tulienda kwa Barasa mimi na yeye.

"Kanisani hatuimbi bila kinanda," Barasa akasema. "Na kinanda kina ki yake."

"Kinanda nitaleta mimi."

Akacheka. "Kile kisanduku cha nyuki watu wanachosimulia?"

"Hicho hicho. Na asali iko ndani."

"Mama Robai, nakuheshimu. Lakini kwaya nimeijenga kwa jasho. Wimbo mmoja nitakubali. Ukiharibika mbele ya watu, hii maneno imeisha. Noolarami atarudi nyuma, na sitaki kuulizwa tena."

"Na usipoharibika?"

"Tutaona."

Tukiwa njiani Noolarami akaniuliza, "Hiyo mashine yako inasikia Kimaasai?"

"Haisikii lugha yoyote. Ndiyo maana ninaipenda."

Alikuja Kitengela asubuhi ya Jumatano, ameleta kibuyu cha maziwa mala na shanga zake zote shingoni kama anaenda arusi. Sheila akamsalimia kama bibi yake, "Takwenya, koko," naye akajibu "Iko," akakaa mbele ya kisanduku akakitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Nipe ya kwanza," nikamwambia. "Ile unaanzia."

Akavuta pumzi, mabega yakapanda, akatoa. Nikagusa kibati cha kwanza nikizungusha kifundo. Sauti ya mashine ikapanda, ikapita, nikairudisha. Zikikaribiana, sauti mbili huanza kugongana, unasikia wau, wau, wau kama baiskeli yenye gurudumu lililopinda. Zikikaribiana zaidi, wau inachelewa. Halafu inaisha kabisa, na huwezi kujua ni nani anaimba na ni nani anapigwa. Hapo ndipo unaacha kifundo.

Noolarami akafumbua macho. "Iko hapa," akasema, akashika kifua.

Sheila alikuwa na kile kipimo cha sauti kwa simu yake. "Kukhu, hii si D. Na si E-flati."

"Iko wapi?"

"Katikati."

"Basi ikae katikati. Hata Kajiado iko katikati ya Nairobi na Namanga, na watu wanaishi na kuzaa."

Tukaendelea kibati kwa kibati mpaka sauti zote za wimbo wake zikawa zimelala kwa shaba. Kuna moja alinirudisha mara nyingi. "Chini kidogo. Hapana, umeanguka. Panda. Sasa umekuwa Barasa!" Tukacheka mpaka Sheila akaja kuona ni nini.

Sasa kosa langu, na hili mlishike vizuri. Siku ya sikukuu tulifika Kajiado mapema, baridi ya asubuhi, milango ya kanisa wazi, watu hakuna. Nikawasha mashine, nikaiacha ipate joto vile inatakiwa, maana ni kama jiko la makaa, huwezi kuweka ugali kabla halijashika. Noolarami akanipa sauti zake, nikakagua kila kibati. Vyote sawa. Nikaifunika na leso nikakaa nikijipongeza.

Halafu watu wakaja. Kanisa la mabati, jua la Kajiado, watu wamebanana mpaka mlangoni, magunia ya mahindi, maboga, kuku, mbuzi wawili wamefungwa karibu na mimbari. Joto likapanda, na zile mashine zinasikia joto kuliko mtu. Sauti zikahama bila kuniambia. Kupanga kinanda cha aina hii ndani ya kanisa tupu ni kupima nguo kwa mtu ambaye si mwenyewe. Nilipaswa kukipanga watu wakiwa ndani. Mueni angenipiga na kitabu cha nyimbo.

Tukaitwa. Noolarami akasimama mbele, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikagusa kibati cha kwanza. Akavuta pumzi aingie, na akanyamaza.

Sauti ilikuwa imepanda juu yake. Nilijua, na yeye alijua. Alinitazama tu.

Mbuzi mmoja akalia, watoto wakacheka. Na Barasa, pale kwa kinanda chake, akafanya kile alidhani ni msaada. Akapiga sauti yake, nguvu, spika zote zikatikisika.

"Do, mama! Do ndiyo hii hapa! Shika hii!"

Noolarami hakushika. Akaangalia kiti chake kule nyuma, na nikaona mguu wake mmoja umeanza kugeuka.

Nikasimama. Mimi sijawahi kusimama nikipiga. "Noolarami!" nikaita kwa sauti ya sokoni. "Nipe ya kwanza!"

"Hapa?"

"Hapa. Vile ulinipa Kitengela."

"Mama Robai," Barasa akasema kwa kipaza sauti, "tafadhali tuendelee na ratiba."

"Ratiba iko hapa mbele yako imevaa shanga. Noolarami, nipe!"

Mabega yakapanda. Akatoa ile sauti yake, peke yake, kavu, bila kitu chini yake. Nikaweka kidole kwa kibati na mkono mwingine kwa kifundo. Wau, wau, wau. Kanisa lote lilisikia zikigongana. Nikashusha. Wau. Wau. Ikaisha. Na kutoka upande wa akina mama wa kwao, mtu mmoja, Kimirei, mke wa fundi wa pampu, akaitikia. Hakuwa ameambiwa. Ni vile wimbo wa kwao unafanya: mmoja akirusha, huwezi kuacha mstari uanguke chini.

Noolarami akageuza uso kabisa mbele. Akatoa ya pili. Nikaitafuta, wau wau wau, ikakaa. Wakaitikia watatu, kisha safu nzima. Ya tatu. Ya nne. Kupanga mashine ikawa ndiyo wimbo wenyewe, kila sauti anaileta, mimi naifuata mbele ya macho ya watu, na kila ikikaa akina mama wanaipokea. Shanga zikaanza kupanda na kushuka mabegani. Mama mmoja aliyebeba maboga akayaweka chini. Vibati vilipokamilika Noolarami hakupumzika hata kidogo, aliingia kwa wimbo kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na mimi nyuma yake nikilaza vidole, nikimfungulia, nikimfunga.

Barasa hakukubali haraka, na kwa hilo ninamheshimu, mimi pia sikubali haraka. Alitaka kwaya yake iingie, basi akapiga ki yake chini ya wimbo ili waanzie hapo. Ile kugongana ikarudi, kubwa sasa, kinanda chake na koo la Noolarami, kanisa linatetemeka kama lori limepaki nje injini ikinguruma. Kwaya ikatazama huku na kule. Barasa akaninyooshea mkono akiniashiria: shusha wewe. Geuza hivyo vifundo.

Nilikuwa na vifundo, ndiyo. Kugeuza kimoja ni kazi ya sekunde. Ningegeuza, tungekubaliana na kinanda, ibada ingeenda vizuri, na Noolarami angebaki peke yake mbele ya watu, ametoka nje ya ki tena.

Nikatoa mikono kwa vifundo nikaiweka kwa vibati. Nikatikisa kichwa. Hapana.

Ruth Nasimiyu wa sauti ya kwanza, mwanakwaya wa Barasa mwenyewe, msichana wa kwetu asiyejua neno moja la Kimaasai, ndiye alihama kwanza. Nilisikia sauti yake ikiteleza kutoka kwa kinanda, ikitafuta, ikifika kwa ule ufa na kusimama hapo. Wenzake wakamfuata. Wanaume wa besi walikuja mwisho, kama kawaida ya besi. Barasa akabaki na kibonyezo chake kimoja, akakishikilia, akakishikilia. Halafu akainua mkono.

Baada ya ibada nilikuwa nje nakunja nyaya, Noolarami amekaa kando anakunywa soda. Barasa akaja, viatu vinang'aa, jasho mpaka kwenye kola.

"Wimbo ulikuwa na baraka," akasema. "Siwezi kukataa. Lakini kanisa lina utaratibu. Wakati mwingine, mama, utaanzia kwa ki yetu, halafu sisi tutakufuata vizuri."

Noolarami akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Ki yenu iko wapi?"

"Kwa kinanda. Mimi nitakupa."

"Ashe oleng, mwalimu," akamshukuru kwa adabu yote. "Lakini sijaomba."

Barasa akanitazama mimi, kama mimi ndiye nilikuwa mkalimani wa hilo. Nikaendelea na nyaya zangu.

Jumapili iliyofuata nilienda ibada mikono mitupu. Kisanduku kilikuwa Kitengela, kimezimwa. Wakati wa wimbo wa kwanza ulifika, na Barasa alikuwa bado anapapasa mifuko akitafuta miwani yake. Noolarami hakumngoja ampe ki. Alisimama pale pale kwa kiti chake cha nyuma, mabega yakapanda, akaanza.